Setilaiti Inapita Saa Ngapi

Mama yangu hakumkataa mume wangu. Angemkataa tungegombana, yakaisha, tukaendelea na maisha. Alichofanya ni kumkubali shingo upande, halafu akakaa miaka yote ya ndoa yetu bila kumwita kwa jina wala kwa cheo. Alikuwa "huyo bwana wako". Huyo bwana wako ameshakula? Mwambie huyo bwana wako amekalia miwani yangu. Na mume wangu yuko pale pale, wamekaa goti kwa goti, anainuka taratibu na kumpa miwani yake.

Kosa lake lilikuwa kazi. Mama amelima tangu alipopata akili, na kwake yeye kazi ni kitu ambacho ukikimaliza unakiona. Mimi fundi cherehani nilisalimika, maana gauni linaonekana na likikosewa linaonekana zaidi. Mume wangu yuko katika kituo cha kufuatilia moto, ghorofa ya nne, na kazi yake ni kutazama ramani inayoletwa na setilaiti. Popote panapowaka, kidoti chekundu kinajitokeza. Anakikagua kwanza, kwa sababu si kila kidoti ni moto: paa jipya la bati likipigwa na jua linaweza kuidanganya setilaiti, na tanuri la matofali linawaka mwaka mzima bila kumdhuru mtu. Kidoti cha uongo anakifuta. Cha kweli anampigia simu bwana misitu wa eneo hilo, naye bwana misitu anapanda pikipiki. Mama alipoelezwa haya aliuliza kama watu wanaokaa karibu na huo moto hawana pua, na hakuuliza kitu kingine.

Mimi nilikipenda kile chumba chao. Nikifunga duka mapema nilikuwa nampelekea mume wangu chakula cha mchana, nikakaa kidogo kwenye kiti cha pembeni na kuitazama dunia ikiwaka kimyakimya. Chumba kina giza kama stoo, kwani mapazia mazito yamevutwa kutwa nzima kwa amri ya Mkurugenzi, anayesema jua linaharibu skrini. Mkurugenzi huyo ni mtu mwema, ila kwake jambo huanza kuwepo likishatokea kwenye kompyuta. Kuna siku aliingia amelowa chapachapa, maji yanamchuruzika mpaka kwenye soksi, akauliza kama leo kuna mawingu. Wafanyakazi wake wakamtazamia kwenye ramani, wakamwambia yapo, akashukuru na kwenda kubadilisha koti.

Sasa shamba la mama liko kwenye mteremko wa kilima, limepakana na msitu wa serikali. Ardhi si yake. Idara ya misitu ilimpa alime, kwa sharti kwamba kiangazi hachomi. Na mama anachoma. Anachoma mabua na majani makavu kabla ya mvua, na hajazaliwa mtu wa kumshawishi kwamba jembe lifanye kwa wiki nzima kazi ambayo kiberiti kinaifanya kabla chai haijapoa. Mara mbili kidoti chekundu kilijitokeza juu ya shamba lake. Mara mbili mume wangu alipiga simu, kwa kuwa ndiyo kazi yake, na mara mbili bwana misitu alipanda kilima kumpa onyo. Alimwambia wazi kwamba kikija kidoti cha tatu, shamba linarudi kwa idara. Wala msidhani mama hakujua simu ilitoka wapi. Baada ya onyo la pili hata hilo "huyo bwana wako" lilikufa, mume wangu akabaki kuwa "yule".

Kwa hiyo Jumapili moja mama alipomvutia yule kiti chenye mto, akamwita mwanangu, akamwomba amweleze vizuri hiyo setilaiti ni nini hasa, mimi nilidhani mama anaumwa. Nilimgusa mpaka shingo kuona kama ana homa. Alinipiga kibao cha mkono na kuniambia niache wakubwa wazungumze.

Mume wangu alifiwa na mama yake akiwa hajajifunza hata kuvaa viatu. Hilo mlijue, ndipo mtaelewa jinsi alivyolipokea lile neno mwanangu. Alichukua chungwa mezani, akachomoa kifungo kwenye shati nililokuwa nashona, akawa anakizungusha kifungo juu ya chungwa kutoka ncha hadi ncha, huku chungwa lenyewe likigeuka chini yake. Setilaiti zinazoona moto mdogo, alisema, hazikai juu yetu. Zinapita mchana, baada ya saa saba, zinapita tena usiku, na muda wake unasogeasogea kila siku. Kuna nyingine hazibanduki, zimetulia juu kabisa zinatazama upande huu wa dunia muda wote, lakini ziko mbali mno, na moto wa kishamba kidogo zinaupita bila kuuona.

Alipoona mama anasikiliza, akapata mori. Akaanza kuizunguka dunia. Akaeleza misitu ya kaskazini kwenye baridi kali, ambako radi huwasha moto, moto ukaingia kwenye mboji chini ya ardhi, ukafuka chini ya theluji msimu mzima wa baridi, kisha theluji ikayeyuka ukatoka tena kana kwamba haujawahi kuzimwa. Akaeleza miti ya Australia ambayo majani yake yamejaa mafuta. Akaeleza nyaya za umeme zinazokatwa na upepo, vipande vya sigara, watu wanaofyeka msitu wa Amazon na kuuchoma wapate malisho ya ng'ombe, na namna joto la dunia linavyopanda na kiangazi kikazidi kurefuka. Sehemu nyingi, alisema, anayewasha ni binadamu. Mama akatikisa kichwa kwa masikitiko, akasema watu wana mambo. Halafu akauliza, kwa sauti ile ile ya kuulizia hali ya hewa, wiki hii hiyo setilaiti inapita saa ngapi. Mume wangu akamtajia siku baada ya siku.

Jumapili iliyofuata aliongezewa nyama bila kuomba. Iliyofuata akawekewa paja zima, mimi mtoto wa kuzaliwa nikapewa shingo ya kuku. Na kila Jumapili ratiba ya wiki iliulizwa upya, pamoja na upepo unavuma lini zaidi, na kwa nini asubuhi nyasi zina unyevu, na mama alijibiwa yote kwa kirefu. Tukiwa njiani kurudi nyumbani mume wangu alikuwa akiniambia mama yangu ana kiu ya elimu, na kwamba angesoma huyu angefika mbali. Akaanza kupiga pasi shati la Jumapili yeye mwenyewe. Nilifurahi, sitaki kusema uongo, nilifurahi kupita kiasi.

Ukweli niliukuta siku ya kazi, nilipompelekea mama gauni alijaribu. Nilikuta uani majirani wa kilima kizima wamekaa mstari mmoja kwenye vigoda, wanawake kwa wanaume, nyuso zina masizi mpaka kwenye nyusi, magunia mabichi yamerundikwa miguuni, na hakuna anayezungumza. Jiko limezimwa. Hata chai waliyokuwa wanakunywa ilitoka kwenye chupa. Jirani wa mama, ambaye kwa kuzaa pacha mara mbili anaitwa Mama Pacha na hajulikani kwa jina lingine, alinishika mkono akanivuta chini.

"Kaa, mwanangu," alininong'oneza. "Inapita."

Nikakaa. Tulikaa wote tunatazama mbele, na mzee mmoja akavua kofia kwa heshima. Baadaye mama akatazama simu yake, akasema imekwenda, na watu wakajinyoosha wakaanza kuulizana habari za watoto. Kumbe ndivyo walivyofanya msimu mzima. Walianza asubuhi nyasi zikiwa bado na umande na upepo haujaamka, wakachoma ukanda mwembamba, watu wamesimama pande zote na magunia ya maji, wakauzima kabla ya saa sita, kesho wanahamia kwa mwingine. Sijawahi kuona moto umelelewa namna ile. Zamani mama alikuwa akiwasha tu kisha anaingia ndani kupika.

Nilimwambia mama kwamba anampaka mume wangu mafuta kwa mgongo wa chupa. Akasema kwani analala njaa? Akasema kwa njia hii yeye hapigiwi simu na mkwe wake hapigi simu, na hakuona nani kaonewa. Nilitoka pale nimekasirika, nia yangu nikafike nyumbani nimweleze mume wangu kila kitu. Nikamkuta anapiga mluzi, anatengeneza kichungwa cha karatasi ngumu, chenye nchi na bahari, ili Jumapili mama aelewe vizuri zaidi. Sikumwambia kitu. Nilikaa nikamkatia karatasi ya bahari.

Huko kituoni kilima kikawa ndicho eneo safi kuliko yote kwenye ramani. Mkurugenzi alimsifu mume wangu mbele ya wenzake kwa kuelimisha umma siku zake za mapumziko, akasema angetaka kuwa na watumishi kumi wa namna hiyo. Sifa zilidumu mpaka kilipokuja kifurushi cha picha za setilaiti nyingine. Hiyo haitafuti joto, inapiga picha ya ardhi kwa karibu, na ardhi iliyoungua inaonekana humo kama kovu jeusi hata wiki kadhaa baada ya moto kuisha. Juu ya kilima makovu yalikuwa yamepangwa ukanda kwa ukanda, yamenyooka kama nimeyapima mimi na futi yangu ya dukani. Kilima kizima kimeungua, na hakuna kidoti hata kimoja.

Mkurugenzi alitafuta maelezo, na yaliyo rahisi yalikuwa karibu. Kuna mtumishi mwenye ruhusa ya kufuta vidoti. Mtumishi huyo ana mama mkwe kilimani. Mume wangu akaambiwa aondoke kwenye kiti, aende nyumbani, na Alhamisi aje ajieleze, la sivyo kazi hana.

Alikuja moja kwa moja dukani kwangu. Alikaa kwenye marobota ya vitambaa, akaniambia yote bila kupandisha sauti. Hakuhitaji kuelezwa na mtu, alipoona tu zile kanda zimeishia wapi na kuanzia wapi aliisoma ratiba yake mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili. Nilimwambia basi Alhamisi aseme ukweli, kwamba hakufuta kitu, kwamba moto ulikuwa unazimwa kabla setilaiti haijafika. Akasema akisema hivyo amemtaja mama, na mama akishatajwa na mtumishi wa kituo, shamba limekwenda. Akasema hawezi kumshtaki mama mkwe wake. Akawa anakunja na kukunjua kipande cha kitambaa.

"Kwa hiyo ile nyama yote," akasema, "ilikuwa ya ratiba."

Niliumia kuliko siku zote nilizowahi kuumia katika ndoa hii. Kesho yake nilipanda kilima nikiwa nimejaa tele, nikamkuta mama analima, nikamtapikia yote bila salamu. Nilimwambia amemharibia mtu kazi na amemharibia moyo, na kwamba la pili ndilo baya zaidi. Mama alinisikiliza ameegemea jembe. Nilipomaliza aliniuliza mkwe wake amekula nini tangu jana. Nikasema hajala.

"Ratiba ningeweza kuiuliza kwa simu," mama akasema. "Nani alinituma nimpikie?"

Akarudi kulima. Nilipogeuka niondoke akaniambia Alhamisi nisifungue duka, nije kwake, na simu yangu iwe na chaji.

Alhamisi nilifika jua limeshapanda. Majirani wote walikuwepo na magunia yao, wamezunguka ukanda wa juu, ule ambao haukuwa umechomwa. Mama alivaa gauni langu jipya, lile la kujaribu, na sikuthubutu kumuuliza kwa nini analivalia moto. Ilipokaribia saa sita aliwasha. Nyasi zilikuwa zimekauka, moshi ukapanda mnene na mweupe, na watu wakakaza macho kwenye kingo. Hapo akaniambia nimpigie mume wangu.

Mume wangu alipokea akiwa amesimama mbele ya Mkurugenzi. Mama alininyang'anya simu, akaiweka sauti ya wote, akasema anataka kuzungumza na bosi. Nilisikia mume wangu anasitasita, kisha sauti ya Mkurugenzi, yenye adabu na haraka, ikiuliza nani mwenzake.

"Mimi ndiye mama mkwe," mama akasema. "Nimewasha moto sasa hivi, mkubwa kuliko yote niliyowasha mwaka huu. Hebu nitazame."

Tukasikia vidole vikigonga kompyuta. Mkurugenzi akasema kilimani hakuna moto. Mama akamwomba atazame vizuri. Akatazama vizuri, akasema eneo ni safi, na akaanza kumweleza mama kwa upole kwamba kituo kina kazi nyingi. Mama akamkatiza, akamwambia afungue pazia.

Tulisikia vipete vya pazia vikikwaruza kwenye chuma. Nadhani lilikuwa halijasogezwa tangu jengo lijengwe, kwa sababu kilifuata kikohozi cha watu kadhaa. Kisha hatukusikia chochote kwa muda mrefu, mpaka Mama Pacha akaniuliza kwa ishara kama simu imekatika.

"Kuna moshi," Mkurugenzi akasema.

Mama akamweleza. Alisema huu ndio uliokuwa unawaka kila asubuhi msimu mzima, nje ya dirisha lake, na kwamba huyu kijana hakufuta kitu, alijibu tu maswali ya mkwewe mzee kama alivyofundishwa na wazazi wake. Alisema yote hayo huku akimwonyesha mtu kwa kidole upande ambao cheche zinarukia. Mkurugenzi alimwelewa, na kusema kweli sauti yake ilionyesha aibu. Lakini akasema kuna tatizo. Moshi wa dirishani hauwezi kuingia kwenye mfumo. Ili amrudishe mtumishi wake kazini na kuonyesha kwamba moto wa kilimani ni wa nani, anahitaji kidoti.

Mama akasema sawa, kitakuja.

Hapo mume wangu alipaza sauti, mbele ya bosi wake, sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani. Alimwambia mama azime. Akamwambia muda bado upo, setilaiti leo inapita saa saba na nusu, wakizima sasa na kumwaga maji ya kutosha ardhi itapoa, na hakuna mtu atakayeweza kumgusa.

"Na wewe?" mama akauliza.

"Mimi nitatafuta kazi nyingine, mama."

"Kazi gani? Hata kulima hujui."

Akawageukia majirani, akawaambia waongeze nyasi. Waliongeza kidogo kidogo, ukanda haukuvuka hatua moja nje ya mstari, na simu ikaendelea kuwa hewani kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuikata. Huko ofisini tulisikia viti vikivutwa dirishani na vikombe vikigongana. Wakati fulani Mkurugenzi aliuliza kama upande wa kushoto hapajashika, mama akamjibu kwamba ameshapaona. Mara mbili nilimsikia mume wangu akivuta pumzi kama anayetaka kusema, akaacha.

Saa saba na nusu ikapita. Ilichukua muda mpaka picha kuteremka, kisha kompyuta ya kule ikatoa mlio wake mdogo, mlio ambao nilikuwa nimeusikia mara nyingi nikiwa na bakuli la chakula mapajani. Hakuna aliyeshangilia. Mkurugenzi akasema kwa sauti ya chini, "Kaa kwenye kiti chako. Fanya kazi yako."

Kazi yake tuliijua sote. Tulisikia akikaa, akibonyeza simu ya mezani, ambayo kwa utaratibu wao inawekwa kipaza sauti. Bwana misitu akapokea. Mume wangu akataja kilima, akataja upande wa msitu, akasema moto umedhibitiwa, watu wapo na maji yapo, na kwamba hiki ni kidoti cha tatu. Bwana misitu akauliza shamba ni la nani.

"La mama yangu."

Bwana misitu ni mtu wa kwetu, anatujua mpaka ndani. "Unamaanisha mama mkwe," akasema.

"Andika kama ulivyosikia," mume wangu akamwambia.

Mama akaikata simu. Alikaa nayo kidogo mkononi, amekipa kisogo kilima. Kisha akatuambia tuzime, akaokota gunia lake la maji na kuanza yeye mwenyewe upande wa juu, karibu na msitu, huku akimfokea Mama Pacha kwamba anakanyagakanyaga matuta, matuta ya shamba ambalo halikuwa lake tena.